Kutengeneza deraya na silaha za kosplei ukiwa Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wadau, inbox imejaa maswali yaleyale tangu watu waone ile deraya nyeusi niliyovaa, na kumjibu mmoja mmoja nimeshindwa, kwa hiyo nimeyakusanya yote hapa. Niko Kampala, nafanya hii kazi usiku nikitoka job, na ninachoandika hapa nimekifanya kwa mikono yangu. Kama swali lako halipo uliza, nitaongeza.

Kosplei ni nini hasa? Si ni kuvaa tu kama katuni?

Ni kuvaa kama mhusika unayempenda, wa anime (katuni za Kijapani), gemu, komiki au filamu, na wengi wetu nguo na vifaa tunatengeneza wenyewe. Siyo kitu cha jana. Mwaka 1939 kule New York, kwenye konvenshoni ya kwanza ya dunia ya mashabiki wa hadithi za sayansi, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas walifika wamevaa mavazi ya watu wa zama zijazo, na aliyeyabuni na kuyashona ni huyo dada Myrtle. Neno kosplei lenyewe lilikuja baadaye sana, miaka ya 1980, kutoka Japani, na anayetajwa kuwa alilianzisha ni Nobuyuki Takahashi. Kwa hiyo mtu akikuambia ni mchezo wa watoto mwambie una zaidi ya miaka themanini.

Naanza na nini? Sina hitigani (mashine ya hewa ya moto), sina printa ya 3D, sina kitu.

Anza na karatasi na kipimo cha mwili wako. Sitanii. Watu wengi wananiuliza ninunue foamu gani, gundi gani, rangi gani, na hakuna anayeniuliza pateni (kiolezo cha kukatia) nakata vipi, wakati deraya nyingi mbaya ambazo nimeona zilikuwa na vifaa vizuri kabisa ila zimekaa mwilini kama gunia lililovishwa kwenye nguzo. Deraya ya boksi la televisheni iliyokatwa kwa vipimo vyako itaipita ya foamu ya bei ghali iliyokatwa kwa kubahatisha.

Njia ninayotumia ni hii. Vaa tisheti ya zamani ambayo hutaihitaji tena, alafu mwambie mtu unayemwamini akuzungushie kifuani na mgongoni ile nailoni nyembamba ya kufungia chakula, mizunguko miwili mitatu isiyobana sana maana unahitaji kupumua, alafu juu yake abandike selotepu pana au maskingi tepu mpaka eneo lote lifunikwe. Sasa chukua maka pen, simama wima kama unavyosimama kila siku (usivute tumbo ndani jamani, siku ya tamasha hutalivuta masaa nane) na uchore mistari ya deraya palepale juu ya mwili, shingo inaishia wapi, kwapa linaanzia wapi, kiuno kiko wapi. Chora mstari mmoja unaoshuka katikati. Andika JUU, andika KUSHOTO na KULIA, weka alama ndogondogo za kuvuka kwenye mistari ili baadaye ujue kipande kipi kinakutana na kipi. Akate kwa mkasi upande wa mgongo, polepole, mkasi ukielekea mbali na ngozi.

Ukishavua, kata vipande kwenye mistari uliyochora. Chukua nusu moja tu, ile iliyokaa vizuri zaidi, unakili kwenye manila, alafu igeuze upate nusu ya pili. Hakuna binadamu ambaye mabega yake yanalingana, ukitumia nusu zote mbili deraya itaonekana imepinda na hutajua kwa nini. Kipande kikikataa kulala flat mezani, kipasue pale kinaponyanyuka, kitafunguka kama V. Hiyo V ndo dati, zile zile fundi cherehani anaziweka kwenye blauzi ili kitambaa kifuate kifua. Ukija kuunganisha kingo za hiyo V kwenye foamu, umbo linarudi lenyewe.

Ukimaliza jaribu pateni ya manila mwilini kabla hujagusa foamu. Kaa chini, inua mikono, inama ufunge viatu, kama kuna mahali panakuchoma shingoni punguza sasa hivi wakati ni karatasi.

Foamu ya EVA ndo ipi na naipata wapi?

Ni zile mati za rangi rangi wanazotandika watoto wachezee, zenye meno ya kushikana kama fumbo, na zile nyeusi za jimu. Nyingi ni sentimita 60 kwa 60, unene wa milimita 10 au 12. Hata soli za ndala nyingi ni EVA. Deraya ya kifua na mgongo mimi inanilia mati nne hivi, ya mwili mzima pamoja na miguu, mabega na chapeo jiandae kwa kumi na mbili, maana utaharibu vipande viwili vitatu, hiyo hesabu iweke mapema.

Mati nimezipata soko la Owino hapa Kampala, za mitumba na mpya, zunguka kwanza kabla hujanunua. Foamu nyembamba ya milimita 2 mpaka 5, ile ya urembo na ukingo, waulize mafundi viatu wanapotoa malighafi yao, wao wanaijua kuliko muuza duka yeyote. Kabla hujalipa bonyeza kwa kucha, foamu nzuri inarudi, mbaya inabaki na shimo. Alafu ikunje, ikipasuka kama mkate mkavu iache hapo. Mimi niliwahi kuuziwa mati sita zilizokaa juani dukani sijui miaka mingapi, zote zilipasuka nilipozipasha moto, na mwenye duka alikataa kurudisha hela, kwa hiyo siku hizi nakunja kila moja mbele ya muuzaji na sioni aibu. "Ssebo (bwana), subiri niangalie" inatosha, hawakasiriki.

Vitu vingine: elastiki, velkro na gundi kwa bei ya jumla Kikuubo. Vitambaa Kiyembe. Kuprinti pateni kubwa Nasser Road, waambie wasibadilishe saizi, asilimia mia moja, alafu pima kwa rula palepale kabla hujaondoka. Msasa na rangi kwenye maduka ya hadiwea Nabugabo, au Ndeeba kwa wanaouza rangi za magari. Vifungo vya plastiki vya kubonyeza pembeni, nunua begi bovu la shule mtumba ukate, utapata vifungo na mikanda yake kwa hela kidogo.

Niko Gulu / Mbarara / Arua, huku hamna hizo mati. Nifanyaje?

Boksi. Boksi la friji au televisheni lenye tabaka mbili, ukilipaka gundi nyeupe ndani na nje linakuwa gumu kabisa. Lilowanishe kidogo upande mmoja likunjike bila kuvunjika, lifunge kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi limeshika duara. Juu bandika magazeti kwa uji mzito wa muhogo, tabaka tatu, kila moja likauke kabisa kabla ya linalofuata la sivyo linaoza na kutoa harufu. Ama mtu anayekuja mjini akubebee mati, zikifungwa kwa kamba zinakaa vizuri kwenye buti ya basi.

Kisu kipi?

Kile cha bledi za kuvunja, kipana. Siri siyo kisu, ni kuvunja bledi. Foamu inaua makali haraka sana, ukiona kingo zinatoka zimechanikachanika kama zimetafunwa na panya, vunja. Pitisha mara mbili au tatu kwa mwendo mrefu, usikate kama unakata nyanya. Vaa glavu mkono unaoshikilia. Ukitaka kona kali ya digrii 90 kata kingo zote mbili kwa mlalo wa digrii 45, zikikutana zinakaa bila pengo.

Gundi gani inashika?

Gundi ya njano ya mafundi viatu. Paka pande zote mbili, tabaka jembamba, alafu SUBIRI. Dakika tano mpaka kumi, mpaka ukigusa kwa kidole hainati. Hapa ndo wengi wanakosea, wanabandika ikiwa mbichi, inateleza, wanaongeza nyingine, inakuwa uchafu mtupu. Ikiwa tayari zikutanishe taratibu kuanzia zile alama ulizoweka, kwa sababu zikigusana hazirudi nyuma. Msimu wa mvua, Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba, hewa ina unyevu, subiri muda mrefu zaidi, na ukiona gundi inageuka nyeupe nyeupe juu acha kazi mpaka mvua ipite.

Gundi ya vijiti vya kuyeyusha ni nzuri kwa vitu vidogo, ila usiitegemee kwenye viungo vikubwa, ukiacha deraya ndani ya gari juani inalainika na vipande vinaachana. Supagluu inashika ila kiungo kinakuwa kigumu kama kioo, kwa mahali panapokunjwa haifai.

Sasa nisikilize vizuri kwenye hili. Hiyo gundi ya viatu ina viyeyusho vyenye sumu, toluini mara nyingi, na inashika moto. Ni ileile ambayo watoto wa mitaani wananusa na inawaharibu ubongo, tunawaona kila siku. Ifanyie kazi nje au kwenye varanda, siyo chumbani umefunga mlango kwa sababu ya mbu, na usiwashe kiberiti wala sigiri karibu. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke hata kidogo, unahitaji yenye filta za mkaa, zile wanazovaa wapaka rangi za magari. Kama huwezi kuipata, basi nje kwenye upepo na mapumziko kila baada ya dakika chache. Kichwa kikianza kuuma umeshachelewa, ondoka. Na kopo lifungwe na liwekwe mahali ambapo mtoto hafiki.

Hitigani ni lazima? Umeme kwetu unakatika kila mara.

Ile mashine ya kupuliza hewa ya moto inasaidia sana ila siyo lazima. Kazi ya joto ni mbili, kulainisha foamu ikunjike, na kufunga vitundu vya juu ili isinywe rangi. Utajua imefika pale uso unapobadilika kutoka ufifi kuwa na mng'ao kidogo, hapo hapo ondoa, ikunje kwenye goti au chungu na uishikilie mpaka ipoe, dakika moja hivi.

Pasi inafanya kazi hiyo. Weka kitambaa cha pamba katikati, pitisha taratibu, usibonyeze mpaka alama ibaki. Pasi ya mkaa pia nimeitumia usiku mzima umeme ulipopotea, ilifanya kazi vizuri tu. Ila mkaa nje, kila mara nje, hewa yake haina harufu na imeua familia nzima zikiwa zimelala. Na usiweke foamu moja kwa moja juu ya sigiri, inawaka, na moto wake unadondoka kama nta ya mshumaa.

Kitu kimoja kizuri ambacho joto linakupa: chora mistari ya urembo kwa ncha ya kisu, kina cha milimita mbili tu, alafu pitisha joto. Mstari unafunguka wenyewe kuwa mfereji safi kama bati limekunjwa kiwandani. Makovu ya vita pia hivyo hivyo, kata, pasha, linafunguka kama jeraha. Mara ya kwanza nilipoona hilo likitokea niliita nyumba nzima waje waone.

Rangi yangu inapasuka nikikunja mkono. Kwa nini?

Kwa sababu ulipaka moja kwa moja juu ya foamu, au ulitumia rangi ngumu ya ukuta. Kwanza praima (tabaka la chini kabla ya rangi) inayonyumbulika. Gundi nyeupe ya mbao ukiichanganya na maji nusu kwa nusu inatosha, tabaka nne mpaka sita, nyembamba, kila moja ikauke. Wenzetu wa nje wanatumia rangi za mpira za spreyi, ukizipata sawa, usipozipata usilale macho. Alafu rangi ya akriliki.

Kwa chuma: anza na nyeusi yote. Alafu brashi kavu, chovya kidogo sana kwenye fedha, ifute kwenye karatasi mpaka karibu hamna kitu, ndipo uipitishe kwenye kingo na sehemu zilizoinuka tu. Kwenye mifereji baki na weusi. Baadaye changanya nyeusi na kahawia na maji mengi, paka kote, futa na kitambaa kabla haijakauka, uchafu unabaki kwenye kona kama kitu kilichotumika miaka. Kwa vumbi sihitaji kununua chochote, nachota udongo mwekundu wa barabara ya kwetu, nauchekecha kwa soksi ya nailoni, nabandika kwa gundi nyeupe chini ya magoti na kwenye visigino. Huyo askari ametembea Uganda kweli.

Tahadhari ya mwisho kwenye rangi: spreyi ya kopo inayeyusha ile foamu nyeupe ya kwenye maboksi ya televisheni, yenye chembechembe. Chapeo langu la kwanza nililichonga kwa hiyo foamu wiki mbili, nikapiga spreyi, likaanza kuzama mbele ya macho yangu. Ipake kwanza gundi nyeupe tabaka nyingi bila kuacha hata tundu la sindano.

Chapeo natengenezaje likae sawa kichwani?

Pima upana wa kichwa chako sikio kwa sikio, na urefu kutoka kidevu mpaka utosi, alafu ongeza sentimita mbili au tatu kila upande kwa ajili ya sponji na hewa. Kuna programu ya Kijapani inaitwa Pepakura inayofungua umbo la 3D kuwa vipande vya kukata, unaweka vipimo vyako unaprinti kwenye A4. Tumia manila ya gramu 160 na zaidi kwa majaribio, karatasi ya kawaida inalegea. Kioo cha macho nakata kutoka vaiza ya helmeti ya boda iliyotupwa, ile nyeusi, inaonekana poa na ukiwa ndani unaona nje vizuri mchana. Ukungu ukikusumbua paka tone la sabuni ya kuoshea vyombo ndani, futa mpaka ing'ae. Na weka feni ndogo, ya sentimita nne, kutoka kompyuta mbovu, ya volti 5, iendeshwe na pawabenki. Jua la Kampala saa nane mchana ndani ya chapeo siyo mchezo, watu wanazimia.

Navaa hijabu, chapeo litakaaje?

Dada yangu, vizuri tu, pima kichwa ukiwa tayari umevaa hijabu hiyohiyo utakayovaa siku ile, siyo nyingine, kwa sababu ya unene wa kitambaa na mahali pini zinapokaa. Pini ziwe mbali na sponji. Wahusika wengi wana kofia ya kitambaa au nywele za rangi, na hijabu ya rangi ileile, ukiikunja vizuri, inachukua nafasi ya nywele na inapendeza kuliko wigi. Kwa deraya ya kifua, kwa dada wote, pima ukiwa umevaa nguo zote za ndani za siku hiyo, na umbo moja la duara pana linakaa vizuri na kupumua kuliko kutenganisha kila titi.

Taa za LED nawekaje bila kuunguza kitu?

Rahisi kuliko zote ni utepe wa LED wa volti 5 wenye kichwa cha USB, chomeka kwenye pawabenki, weka pawabenki mgongoni, umemaliza. Ukitumia LED moja moja na betri ya volti 9 lazima uweke rezista (kifaa kidogo cha kupunguza umeme). Hesabu yake: toa volti za taa kwenye volti za betri, gawa kwa ampea. Taa nyekundu inataka volti 2 hivi na miliampea 20, kwa hiyo 9 toa 2 ni 7, gawa kwa 0.02, unapata omu 350, nunua ya 360 au 390. Nyeupe na bluu zinataka volti 3 na kidogo. Nyaya zifunike kwa tepu ya umeme kila kiungo, jasho linapitisha umeme na kuzimisha kila kitu katikati ya shoo.

Printa ya 3D si ingemaliza haya yote?

Inasaidia, nimewahi kulipia vipande viwili. Ila chapeo zima linaweza kuchukua siku nzima au zaidi likiprintiwa, na umeme ukikatika katikati omba Mungu. Alafu plastiki inayotumika zaidi, PLA, inalainika kwenye digrii 60 tu, iache ndani ya gari lililofungwa juani uone itakavyopinda. Na bado utapiga msasa mpaka mikono iume.

Bunduki ya mhusika wangu naweza kuibeba?

Hapa sitaki mtu anielewe vibaya. Huko nje mtu anatembea na bunduki ya plastiki mtaani watu wanapiga picha. Hapa kwetu usijaribu. Mlinzi wa benki, polisi, askari, hakuna atakayesimama kuuliza kama ni foamu. Ukiitengeneza, ncha iwe ya rangi ya machungwa inayowaka, ibebwe imefungwa ndani ya begi kuanzia nyumbani mpaka ndani ya ukumbi, usiitoe kwenye boda, usiitoe kwenye taksi, usimlenge mtu hata kwa utani, na waandaaji wajue mapema. Mimi silaha zangu siku hizi nazitengeneza zionekane za ajabu makusudi, kubwa kupita kiasi, rangi ya zambarau, zenye mataa, ili hata kipofu ajue siyo ya kweli. Upanga vilevile, foamu juu ya bomba la PVC, hakuna chuma hata kidogo. Na hilo bomba ukilipasha likunjike usiliunguze, moshi wake ni asidi.

Nguo za jeshi ni zaidi. Sheria ya UPDF, yaani jeshi la Uganda, hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo, na mwaka 2019 hata bereti nyekundu iliingizwa kwenye gazeti la serikali kama vazi la jeshi. Kwa hiyo kama mhusika wako anavaa madoadoa ya kijeshi, badilisha rangi, mfanye wa bluu au wa kijivu, au chagua mwingine. Najua inauma, mimi mwenyewe nimemuacha mhusika niliyempenda miaka kumi kwa sababu hiyo.

Mkitaka kuona vifaa vinavyotengenezwa bila hela, angalieni kazi ya Wakaliga, hapahapa Kampala, ile studio ya filamu ya Isaac Nabwana. Bunduki za filamu zao na hata helikopta vimetoka kwenye vyuma chakavu, na wamejulikana dunia nzima.

Nitaendaje NAICCON, lile tamasha la komiki la Nairobi, na deraya yote hii?

Basi la usiku kupitia Busia au Malaba. Tengeneza deraya ikiwa vipande vinavyoachana, kama bakuli ndani ya bakuli, kifua ndani ya mgongo, miguu ndani ya kifua, alafu yote ndani ya gunia safi. Andika jina na namba ya simu ndani ya kila kipande. Beba gundi ndogo, sindano, uzi na velkro ya ziada, lazima kitu kitaachana. Picha za kazi ikiendelea zikae kwenye simu, mpakani wakiuliza ni nini waonyeshe, wanacheka wanakuachia. Silaha za kufanana na bunduki acha nyumbani kabisa.

Lazima niwe mhusika wa Japani au Marekani?

Hapana! Na hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote. Nenda Uganda Museum pale Kira Road uone vitu vya Kibuuka, yule shujaa wa vita wa Buganda ambaye wazee wanasimulia kwamba aliruka angani juu ya maadui na kuwarushia silaha kutoka juu. Vitu vyake vilichukuliwa vikapelekwa Cambridge, Uingereza, vikarudishwa mwaka 1962. Mtu anayeruka na kupigana kutoka mawinguni, na sisi tunahangaika kutafuta shujaa kwingine.

Ukitaka kumfanya mtu wa kwetu, kitambaa ni lubugo. Linatoka kwenye gome la mti wa mutuba, linapigwa kwa nyundo za mbao mpaka linakuwa laini na pana, rangi ya udongo uliochomwa, na UNESCO waliitangaza kazi hiyo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Kwenye mwili linaanguka vizuri kuliko ngozi bandia yoyote. Halipendi kuloweshwa wala kukunjwa mara nyingi mahali pamoja, kwa hiyo lishone juu ya kitambaa cha pamba kwanza, na gundi ya viatu usiiguse nalo, inaacha doa jeusi. Ila kumbuka lubugo linavikwa marehemu na linavaliwa kwenye shughuli za ukoo na za Kabaka (mfalme wa Buganda), siyo kitambaa cha kuchezea. Mimi kabla sijalikata nilimuuliza jjajja (mzee) mmoja jirani yetu, akaniambia nimwonyeshe kwanza ninataka kutengeneza nini, nikamchorea, akaangalia muda mrefu, akasema sawa ila usilitandike chini wala usilikanyage.

Sasa niko kwenye ngao. Ngao za Buganda zilikuwa za mbao zimefunikwa kwa msuko, na katikati kuna nundu ya mbao iliyochongoka. Mbao nimeiacha kwa sababu ya uzito, chini nimeweka foamu ya milimita 10 tabaka mbili, nundu nimeitoa kwenye dati nane na imekaa vizuri. Kilichobaki ni msuko, nimejaribu vijiti vya mikeka na vinavunjika nikifika pale ngao inapojikunja. Kama una mama au bibi anayesuka vikapu na anajua wanavilowesha muda gani kabla ya kusuka, tafadhali niulizie.